Umefikia kwa Nani?

Katika Kiswahili mgeni ni mmoja. Lugha nyingine humtenga asiyejulikana na aliyekaribishwa, kila mmoja akapewa jina lake. Sisi tumewavika wote wawili neno moja. Anayepiga hodi huitwa mgeni kabla hajajulikana atokako, na huendelea kuitwa hivyo akiwa amekwisha kuketi na maji ya kunawa yamewekwa mbele yake. Wazee waliotuachia neno hili hawakuwa maskini wa msamiati. Nadhani walikuwa wakituambia kwamba kule kutojulikana kwa mtu ndiko hasa kunakompa haki ya kupokewa.

Neno hilo hilo limepakwa rangi kwenye vibao vya barabarani, bara na visiwani: Nyumba ya Kulala Wageni. Mjini Arusha, ukishuka kituo cha mabasi na kuingia vichochoro vya Levolosi na Kaloleni, vibao hivyo hufuatana mlango kwa mlango. Suali ninalotaka kulizungumza na wasomaji ni hili: neno mgeni linapoandikwa juu ya mlango wa biashara, huja na dhima zake za zamani, au huja tupu? Aliyelipa ni mgeni bado, au amegeuka mteja tu, na mteja aliyelipa kidogo adai kidogo?

Wanaolala humo aghalabu si wale watalii wapitao Arusha kuelekea Ngorongoro. Ni mchuuzi wa nguo, ni mtu aliyemleta ndugu yake hospitali, ni kijana aliyeitwa kwenye usaili, ni mama anayekwenda kumtazama mwanawe akihitimu. Ni abiria aliyetoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 600, na ambaye kwa miaka mingi hakuwa na hiari ya kuendelea mbele, kwani mabasi yalikatazwa kutembea usiku hadi katazo hilo lilipoondolewa mwaka 2023. Mtu wa namna hii huingia mlango wa kwanza unaofunguka. Anachokikuta humo kinajulikana: shuka iliyokwisha kulaliwa na kunyooshwa kwa kiganja, chandarua ambacho tundu lake limefungwa fundo, maji ya moto ambayo tangu magharibi “yanakuja”. Na katika mji uliokaa yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ndoo ya maji ya moto mwezi wa Julai si anasa, hasa kwa mwili uliozoea joto la pwani. Asubuhi huletwa kile kifungua kinywa kilichohesabiwa ndani ya bei: chupa ya chai iliyopoa, kipande cha mkate, na yai.

Mimi niliwahi kulala katika bweni moja la bei nafuu kwenye miteremko ya Meru, ambalo jina lake halina haja hapa. Vitanda vilikuwa vya ghorofa, watu sita chumba kimoja. Nilipopiga simu kabla ya kufika niliuliza kama chakula cha usiku kipo, nikajibiwa kwa sauti ya kike, kwa upole: “Kipo, baba.” Nilifika kiza kimeingia na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Chakula kilikuwa makande, kidogo, ya chini ya sufuria, yamepashwa yakapata moto upande mmoja. Makande ni chakula cha heshima huko kaskazini, mahindi na maharage yaliyotokoswa pamoja hadi yakapatana, nami sina neno nayo. Nina neno na ile “kipo”.

Jibu jepesi, wanalolitoa wenye nyumba na hata wasafiri wenyewe, ni kwamba umelipa kidogo, ulitaraji nini? Jibu hili ni kweli nusu. Bei ndogo ina haki ya kupunguza ukubwa wa chumba, unene wa godoro na idadi ya vitoweo. Haina haki ya kupunguza ukweli, maana ukweli haumgharimu muuzaji hata senti. Kumwambia mtu “chakula hatuna, nenda kale kwa mama ntilie pale barabarani kabla hajafunga” ni bure. Ama shuka, hapo pana gharama, ya sabuni na maji na mikono ya mtu. Lakini hata hivyo siioni kuwa ni kitu cha kupanda na kushuka pamoja na bei. Auzaye kitanda ameuza mahali pa kulala binadamu, wala hapana binadamu wa nusu bei.

Mlima wenyewe unatoa ushahidi. Wapandao Meru hulala katika vibanda vya Miriakamba, yapata mita 2,500, kisha vya Saddle, yapata mita 3,570. Humo mna vitanda vya mbao, na chakula hupandishwa na wapagazi kikapikiwa huko huko. Sijapata kumsikia mtu aliyeshuka kutoka kilele cha mita 4,566 akilalamikia ubao aliolalia. Huusimulia kwa fahari. Ubao kama ule ukimkuta mjini huuita dhuluma. Baridi ya mlimani ni kali zaidi na choo kiko mbali zaidi, lakini alipokuwa akipanda hapana aliyemwambia vinginevyo.

Sisi watu wa visiwani tuna jibu letu jepesi pia, na tunalipenda kuliko kahawa tunapokaa barazani: kwamba wenzetu wa bara wanauza ukarimu, ilhali wazee wetu walikuwa wakiutoa. Tarehe hainiruhusu kulikubali. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi ambayo aliieleza kwa urefu. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji huliendea kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo yule tajiri hafikii pengine ila kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye amuuziaye mali yake na kumnunulia. Mtu akinunua kwa mgeni huyo kwa bei ya kumpunja, au mwenyeji hayupo, biashara hiyo huhesabiwa batili. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipokewa na kadhi, akaletewa chakula mara tatu kwa siku kwa siku tatu: wali wa samli, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi, maembe, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, sahani ambayo mtu wa Meru, nadhani, asingeishangaa.

Lamu nako nyumba za mawe zilikuwa na sabule, chumba cha mgeni, ambamo tajiri aliyeletwa na kaskazi aliweza kungoja kusi limrudishe kwao. Ndilo neno ambalo leo tunalitamka sebule na kuliwekea televisheni. Ukarimu huo haukuwa wa bure. Mwenyeji alikula faida, pengine nono. Basi si fedha zilizouharibu, kwani fedha zilikuwamo tangu mwanzo. Lakini pamoja na fedha ilikuwamo dhamana. Mgeni alikuwa wa mtu fulani, mwenye jina na mlango, na akipunjwa, aliyeaibika sokoni ni mtu huyo. Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza msafiri lilikuwa: umefikia kwa nani?

Sasa geuka utazame tangazo lililobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha gesti. Kutoka ni saa nne asubuhi. Kelele haziruhusiwi. Kisha: uongozi hautahusika na upotevu wa mali yoyote. Uongozi huo ni nani? Tangazo halisemi. Mapokezi lipo daftari la wageni, na ndani yake utaandika jina, kabila, kazi, utokako na uendako, karibu kila jambo ambalo mwenyeji wa zamani angekuuliza baada ya chakula, isipokuwa sasa huulizwa kwa ajili ya serikali. Safu ya jina la mwenyeji haimo.

Katika kisa cha Nabii Musa na Khidhr, wasafiri wawili wanafika mji mmoja, wanaomba chakula, na wenyeji wanakataa kuwakaribisha. Khidhr anauona ukuta unaotaka kuanguka na kuusimamisha, naye Musa anamwambia kwamba lau angependa angeuchukulia ujira. Wengi wetu tukisoma kisa hiki mawazo huenda kwenye hazina ya mayatima iliyokuwa chini ya ukuta. Mimi hunikaa zaidi njaa ya Musa. Hakuomba mji ule uadhibiwe. Alipokosa haki ya mgeni, alikumbuka haki ya mfanyakazi, na katika nyumba za bei nafuu haki hizo mbili hukutana ukumbini usiku, moja imeshika mswaki na nyingine imeshika funguo.

Maana mgeni akikasirika, hasira humwangukia binti mwenye funguo. Yeye ndiye aliyelala kwenye benchi la mapokezi, aamkaye kila hodi inapopigwa, achemshaye maji kwa mkaa na kufua shuka ambazo hazikufuliwa. Ile bei ndogo niliyoifurahia, sehemu yake ameilipa yeye katika mshahara wake. Mlimani hesabu ni hiyo hiyo: safari ikiuzwa rahisi kuliko kwa jirani, ilhali ada za hifadhi hazipungui kwa ajili ya yeyote, basi upungufu hutafutwa kwenye posho ya anayebeba mzigo.

Katika bweni lile, mgeni mwenzangu, mtu mzima kutoka Tanga, alimfokea mhudumu juu ya sahani ile ile ya makande. Binti alisubiri amalize, akasema: “Samahani, baba. Nimeambiwa kila anayepiga simu nimwambie kipo.” Baadaye tulielewa kwamba makande yale yalikuwa chakula cha wafanyakazi, yeye na mlinzi.

Immanuel Kant, katika makala yake ya mwaka 1797, alishikilia kwamba uongo haufai hata kwa kumwokoa rafiki anayesakwa na muuaji. Kwa mizani yake, binti huyu ana kosa lile lile alilonalo tajiri wake, na sauti yake ya upole haimpunguzii. Siwezi kuifuata mizani hiyo hadi mwisho. Tajiri aliusema uongo wake mara moja, kwa amri, kisha akaenda zake. Binti aliachiwa aurudie kila siku kwa watu ambao atawatazama usoni jioni. Sisemi hana hatia kabisa, kwani nilisafiri kwa kuliamini neno lake, na kama nisingeliamini ningekula njiani. Lakini kati yao wawili ni yeye aliyelitafutia neno lile namna ya kuwa kweli, na alilipia kwa sahani yake mwenyewe. Ukiniuliza ni nani aliyekuwa mwenyeji wangu usiku ule, kwa maana ya Mogadishu na ya Lamu, nitakutajia huyo asiyemiliki hata kijiko cha nyumba ile.

Malalamiko, basi, yana anwani, na ni wajibu wa aliyelipa kuitafuta badala ya kummalizia hasira aliye karibu. Asubuhi yake mtu wa Tanga aliiomba namba ya mwenye nyumba, akapiga palepale mbele yetu, akajitambulisha vizuri, akaeleza habari ya simu, ya chakula na ya wafanyakazi waliolala njaa. Upande wa pili ulimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha ukauliza ni bweni gani analolisemea, kwa sababu anayo matatu.