Deni Lililozeeka

Katika mafundisho ya amri ya saba kila mmoja wenu hujibu upesi akiulizwa: Je, kuiba ni dhambi? Ni dhambi. Je, aliyeiba apaswa kurudisha? Apaswa. Lakini ulizeni swali la tatu, na mtasikia sauti zikipungua: Mtu aliyekopa kwa haki, akakaa miaka mingi bila kulipa, na mwenye kumwia akanyamaza, je, bado ana deni? Hapo mmoja atatazama chini, mwingine atacheka kidogo, na wa tatu atasema, “Hayo ni mambo ya zamani.”

Leo tulitazame swali hili la tatu, na tulitazame katika jambo linalowapata ndugu zetu wengi walioko Marekani. Kwa miaka mingi Wakongo waliokimbia vita walikaa katika makambi ya ugenini, kama ile ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Baadhi yao walichaguliwa kupelekwa Marekani kukaa huko. Katika mwaka wa serikali ulioisha Septemba 2016 walipokelewa Wakongo zaidi ya 16,000. Mpango ule ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wako huko, na madeni yao yako pamoja nao.

Madeni gani? Wengi wetu tuliobaki hatukuambiwa neno hili. Tiketi ya ndege haikuwa zawadi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lililipa nauli kwanza, na kila mtu mzima alitia sahihi karatasi ya kuahidi kuirudisha, bila riba, kidogo kidogo kila mwezi, kuanzia miezi sita baada ya kufika. Kwa jamaa ya watu wengi nauli hiyo hufika dola elfu kadhaa.

Tuseme basi kwamba mtu mmoja alitia sahihi, akalipa miezi minne, kisha akahamia mji mwingine kutafuta kazi. Barua za kumdai zikaenda kwenye nyumba ya kwanza, naye hakuzitafuta. Miaka sita ikapita. Sasa ataka kupanga nyumba iliyo nzuri zaidi kwa ajili ya watoto wake. Mwenye nyumba afungua daftari, na tazama, deni lile limeandikwa humo. Mtu yule afadhaika, aenda kwa rafiki zake, nao wampa shauri: “Nyamaza tu mwaka mmoja. Andiko hilo litafutwa lenyewe, nawe utakuwa mtu safi.”

Je, shauri hili ni jema?

Kwanza tujue daftari lenyewe. Marekani kuna ofisi tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, zinazoandika jinsi kila mtu alivyokopa na jinsi alivyolipa. Mwenye kukopesha hulisoma daftari hilo kabla ya kutoa fedha yake, na mwenye kupangisha nyumba pia. Sheria iliyowekwa mwaka 1970 yaamuru kwamba habari ya deni lisilolipwa iondolewe baada ya miaka 7, ikihesabiwa tangu mtu aliposhindwa kulipa asiweze tena kusimama. Rafiki zake, kwa habari ya miaka, hawakusema uongo.

Sheria ile haikutungwa na wajinga. Mtu aweza kuanguka mara moja tu, kwa ugonjwa au kwa kufukuzwa kazini. Na kama andiko la aibu likimfuata mpaka kaburini, hatapata nyumba wala kazi, wala hiyo fedha ya kulipia deni lake hataiona. Tena majimbo ya nchi ile yana mpaka mwingine, mara nyingi wa miaka 3 mpaka 6, na ukipita, mwia hawezi tena kumshinda mdeni mbele ya hakimu akikumbusha kwamba muda umekwisha. Maana mashahidi hufa na karatasi hupotea. (Madeni ya serikali yana kanuni zake mbali.)

Angalieni basi mambo matatu, yasichanganywe. Liko deni lenyewe, iko nguvu ya kumpeleka mdeni kwa hakimu, na liko andiko la daftarini. Andiko hufutwa baada ya miaka saba. Nguvu ya kushitaki hukoma, mahali pengi, mapema zaidi. Lakini deni lenyewe, katika karibu majimbo yote, halikuwekewa siku ya kufa, hata kwa sheria ya serikali. Tuseme nini basi juu ya dhamiri? Mwenye kufuta alama za miguu njiani hajarudi alikotoka.

Huku kwetu vijijini hakuna ofisi ya namna hiyo, walakini tusidhani kwamba hatuna daftari. Daftari letu ni kinywa cha wazee. Mbuzi wawili wa mahari wakisalia, watu wa ukoo wa mke waweza kunyamaza miaka 30. Na siku mama yule akifa, kabla ya maiti kutolewa nyumbani, mmoja husimama kati ya waombolezaji na kuuliza: mbuzi wale wako wapi? Nao hawaruhusu maziko mpaka neno limekwisha. Ukali huu una ubaya wake, kwa kuwa watoto hubebeshwa aibu ya jambo wasilolijua, tena siku ya msiba wao. Kinywa cha wazee hakifuti kitu hata pale panapostahili kufutwa. Daftari la Marekani hufuta hata pale ambapo hakuna aliyelipa. Mimi sioni kwamba moja kati ya hayo mawili latosha kutuonyesha haki.

Tuifungue Torati ya Musa, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 15. Humo Waisraeli waliamriwa kuachilia madeni ya ndugu zao kila mwaka wa saba. Miaka saba, kama sheria ile ya Marekani! Lakini tazameni vema aliyeamriwa ni nani. Ni mwia, mwenye kudai. Yeye ndiye aliyeambiwa afungue mkono wake. Tena alionywa asimnyime maskini mkopo kwa hila, akisema moyoni kwamba mwaka wa saba u karibu. Mdeni hakuambiwa popote ajifiche mpaka mwaka huo ufike. Kusamehe deni ni kazi ya mwenye kuwia. Mdeni hawezi kujisamehe mwenyewe, kama vile mshitakiwa asivyoweza kukaa katika kiti cha hakimu.

Rudini sasa kwa mtu wetu. Labda atajitetea: “Marekani ni nchi ya matajiri. Nauli yangu ni nini kwao?” Neno hili twalisikia hata hapa, juu ya fedha ya serikali na ya kampuni, na hata juu ya sanduku la parokia. Lakini fedha ya nauli zile, ikirudishwa, ilitumika kuwasafirisha wakimbizi wengine waliokuwa wakingoja kambini. Aliyepanda ndege mwaka 2016 alisafiri, kwa sehemu, kwa fedha ya waliomtangulia waliotimiza ahadi zao. Basi asilitazame jina la nchi peke yake, autazame na mkono uliomsukuma mbele. Na hata kama fedha yote ingekuwa ya tajiri mmoja asiyeihitaji, sahihi yake ni neno lake alilolitoa mwenyewe.

Hata hivyo lingekuwa kosa kumwambia, “Lipa yote leo, usiulize kitu.” Madeni ya zamani yana mitego, na mwenye moyo mwema huinaswa upesi kuliko mwerevu. Kuna biashara huko ya kununua madeni yaliyozeeka. Mwenye duka au benki, akichoka kudai, huuza daftari lake kwa mtu mwingine. Tume ya serikali ya Marekani inayoangalia biashara ilionyesha mwaka 2013 kwamba wanunuzi hao walilipa, kwa kadiri ya wastani, senti 4 tu kwa kila dola ya deni. Kisha wao huandika barua na kupiga simu wakidai dola nzima. Wengine hudai deni lililokwisha kulipwa, au la mtu mwenye jina moja na wewe.

Je, mgeni huyu aliyenunua kwa senti 4 ana haki ya kudai yote? Mimi naona kwamba deni halikufa kwa sababu liliuzwa kwa bei ndogo. Aliyenunua shamba kwa bei nafuu ni mwenye shamba vilevile. Lakini yeye hana haki kuliko ile aliyoinunua, na yampasa kuonyesha kwamba aliinunua kweli. Sheria ya mwaka 1977 yampa mdeni ruhusa ya kumtaka mdai athibitishe kwa maandishi deni ni la nani na ni kiasi gani. Siku 30 baada ya kupata habari za deni amewekewa kwa kazi hiyo. Kuuliza hivyo si kukataa kulipa. Kumlipa asiyestahili, kwa hofu tu, hakutimizi haki ya mtu yeyote, na watoto hulala njaa bure.

Tena kupatana si dhambi. Mdai akikubali kwa hiari yake kupokea nusu, na akaandika kwamba jambo limekwisha, basi nusu ya pili imesamehewa na yule mwenye uwezo wa kusamehe. Mdeni na aende kwa amani, asijitese. Wako hata watu wanaonunua madeni ili wayasamehe: shirika lililoanzishwa mwaka 2014, lililoitwa RIP Medical Debt, na sasa Undue Medical Debt, hununua madeni ya wagonjwa kwa bei hiyo ndogo na kuyafuta, na makanisa mengi ya huko yamechanga fedha kwa kazi hiyo. Nilipolisoma neno hili mara ya kwanza nilifurahi siku nzima.

Mtego mwingine ni huu, nao huwaumiza hasa wanyofu. Katika majimbo mengi, mtu akilipa hata dola 10 za deni ambalo muda wake wa kushitakiwa umekwisha, muda ule huanza upya, naye aweza kupelekwa tena kwa hakimu kwa deni zima. Lakini miaka saba ya daftari haianzi upya. Mkusanya madeni akisema vingine, anadanganya. Hivyo sheria humlinda anayenyamaza, na humtia hatarini anayenyosha mkono na kidogo alicho nacho. Jambo hili lauma, wala sitajifanya kuwa ni la haki. Lakini latufundisha kutangulia na busara: aipate kwanza nakala ya daftari lake, anayo haki ya kuipata bure, aulize mdai wa kweli ni nani, apatane kwa maandishi juu ya kiasi na miezi, ndipo atoe dola ya kwanza. Mtu wetu, ambaye deni lake ni la nauli, awaendee wale waliomwandikisha, awaambie wazi kilichompata, aombe malipo madogo anayoyaweza.

Na kama hana kitu kabisa? Chakula cha watoto na paa la nyumba hutangulia. Asiyeweza si mwizi. Deni lake limelala mpaka apate nguvu, na linalomlazimu siku hizi ni kutoliambia uongo, yaani asibadili jina, asikane sahihi yake, asijioneshe maskini mbele ya mdai na tajiri mbele ya marafiki.

Hapo linakuja neno linalotugusa sisi tuliobaki. Simu huita Marekani kila juma: tuma karo, tuma bati za nyumba, tuma za matanga ya mjomba. Ndugu yule huona haya kusema kwamba ana deni, kwa sababu tumekwisha kumwita tajiri, na dola 50 alizoziweka kwa ajili ya nauli huja kwetu. Sisi twazila bila kujua kwamba ziliahidiwa kwa mwingine. Siku utakapompigia tena, kabla ya kutaja shida yako, mwulize kwanza: “Ndugu yangu, nauli ya ndege umeimaliza?” Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, umeelewa. Karo ya muhula huu na itafutwe katika mihogo na mawese tuliyo nayo, naye umwambie mwenyewe kwamba mwezi huu asitume kitu.