Kuvutana Bei Katika Mali ya Sadaka

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), tumeulizwa swali na ndugu zetu wenye watoto na jamaa walioko Uingereza. Wasema kuwa huko kuna maduka ambayo watu huyapa nguo, vitabu na vyombo walivyokwisha kuvitumia, navyo huuzwa, na fedha zake zikaenda kwa wenye njaa, wagonjwa na mayatima. Je, yafaa Mwislamu kuingia katika duka kama hilo akavutana bei kama avutanavyo Kongowea au Marikiti?

Maduka haya si jambo la jana. Jumuiya ya Oxfam iliundwa mjini Oxford mwaka 1942, kwa ajili ya watu wa Ugiriki waliokuwa wakifa kwa njaa wakati wa vita, na haikupita miaka mingi ikafungua duka katika njia ya Broad Street mjini humo. Leo ni michache miji ya Uingereza isiyokuwa na duka la namna hii. Na hapa kwetu, mtu akitoa kabati au vyombo vya marehemu viuzwe kwa ajili ya msikiti au mayatima, hukumu ni hiyo hiyo. Basi asidhani msomaji wa Mombasa au Lamu kuwa maneno haya hayamhusu.

Kuvutana bei kwenyewe ni halali, hapana shaka. Mtume (S.A.W.) alipatana bei na Jabir bin Abdillahi juu ya ngamia wake wakiwa safarini, na walipofika Madina alimlipa thamani yake kisha akamrudishia na ngamia. Wapendao kuitaja hadithi hii kwa nusu yake ya kwanza ni wengi kuliko waitajao kwa nusu ya pili.

Lakini tazama unavutana na nani. Muuzaji wa sokoni ni mwenye mali. Akikupunguzia amepunguza chake. Yule aliyeketi katika duka la sadaka, na mara nyingi hufanya kazi hiyo bila mshahara, hana chake hata sindano. Yeye ni wakili. Na katika madhehebu yetu ya Kishafii, wakili aliyeambiwa auze bila ya kutajiwa bei hana ruhusa ya kuuza kwa hasara kubwa isiyovumiliwa na watu. Vitabu hutoa mfano: kitu cha thamani ya kumi kikiuzwa kwa tisa huvumiliwa, kikiuzwa kwa nane hakivumiliwi. Hapo umepata kipimo. Ukimng'ang'ania mtu huyo mpaka akakuuzia kwa tano kwa sababu ya haya au kuchoka, umemtia katika khiyana ya amana, na wewe ndiwe uliyemsukuma.

Uingereza jambo hili limedhihiri hata katika kodi. Uko utaratibu uitwao Gift Aid, ambao kwao mtoaji hubaki ndiye mwenye kitu mpaka kiuzwe, na duka huwa wakala wake tu. Kisha akishatoa zile fedha, serikali huongeza peni 25 juu ya kila pauni moja, ikiwa mtoaji ni mlipa kodi. Basi aliyeteremsha bei ya koti kama hilo kwa pauni 4 amewapunguzia maskini pauni 5. Mwenyewe hutoka akijisifu kwa ujanja wake!

Hatusemi kuwa kuuliza ni haramu. Ukiona shati limechanika au kikombe kina ufa, na bei imewekwa kana kwamba ni kizima, muonyeshe na umuulize, mara moja, kwa upole. Akikataa, lipa au uondoke. Lililo haramu ni kukitia kitu ila isiyokuwamo ili kishuke bei, kwani Mwenyezi Mungu ametukataza kuwapunguzia watu vitu vyao. Na baya zaidi ni mfanyabiashara kujifanya fakiri, akanunua kwa bei ya huruma, kesho ukakiona kitu kile dukani kwake kwa bei maradufu. Ama fakiri wa kweli, hana haja ya kuvutana wala kufedheheka mbele ya watu. Na amwambie faraghani msimamizi hali yake, apewe katika fungu la wahitaji, kwani kupewa sadaka ni mlango mmoja na kuuziana ni mlango mwingine.

Wenye kuuza nao wana la kuambiwa. Wakili hajiuzii mwenyewe. Wale wanaofungua mizigo wakajichagulia vilivyo bora kwa bei wajipangiayo, kisha vikabaki vitambaa kwa umma, wanakula amana hata kama wamelipa. Na mtoaji asirudi kukinunua alichokitoa. Sayyidna Umar alimpa mtu farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu, yule mtu akamwacha akadhoofu; Umar akataka kumnunua akidhani atauzwa rahisi, na Mtume (S.A.W.) akamkataza hata kama ni kwa dirhamu moja.

Katika minada ya misikiti liko jambo linalostahabiwa na wengi kwa nia njema, nalo ni kumweka mtu kati ya watu apandishe bei na hali hataki kununua. Hiyo ni najshi, nayo imekatazwa. Kuambiwa kuwa fedha ni za mayatima hakuihalalishi. Kunadi kwa uwazi kwatosha: imepokewa, ingawa wengine wameizungumza isnadi yake, kuwa Mtume (S.A.W.) alinadi tandiko na bakuli la mtu maskini wa Ansari, mmoja akatoa dirhamu moja, naye akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili, akapewa. Kwa dirhamu moja yule mtu alinunua chakula cha watu wake, na kwa nyingine shoka, akaenda kukata kuni.

Kamati zinazouza mali za namna hii na ziandike bei ya kila kitu na jina la aliyekinunua, wakiwamo wanakamati wenyewe, na daftari liwekwe mahali ambapo yeyote aliyetoa aweza kulitazama.