Je, Malezi ya Mzazi Yana Badali?

Kumtafutia mama au baba mtu wa kukaa naye nyumbani, amwogeshe, ampikie uji, amshike mkono kwenda chooni, ni jambo ambalo familia nyingi za mjini hulifanya siku hizi na chache hulisema wazi. Mzee mwenyewe si mgonjwa wa kulazwa. Hahitaji daktari wala muuguzi; anahitaji mikono ya mtu mwingine kwa kazi ambazo mikono yake imezishindwa. Watoto wametawanyika, mmoja Dodoma, mwingine Nairobi, wa tatu Maskati, na hakuna ambaye ajira yake inamruhusu kurudi. Wakishaelewana juu ya mshahara wa mtu huyo, hubaki swali ambalo fedha hailijibu: tumetekeleza wajibu wetu, au tumemlipa mtu ili tuukwepe? Linastahili kujibiwa kwa hoja, kwa sababu wanaoumia nalo ni watu wema, na anayewajibu haraka, kwa ndiyo au kwa hapana, huwaacha na mzigo uleule.

Maandiko hayampi mtoto nafasi kubwa ya kujitetea. Surat Al-Israa, aya ya 23 na ya 24, inaweka wema kwa wazazi mara tu baada ya amri ya kumwabudu Mungu peke yake, kisha inautaja uzee waziwazi, na inamzungumzia mzazi aliyefikia umri huo akiwa kwa mwanawe. Hata kuguna kwa kuchoshwa naye kumekatazwa. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, mtu aliyetaka kwenda vitani aliulizwa na Mtume kama wazazi wake wako hai, na alipojibu kwamba wako hai akaelekezwa kwao: jitihada yake ikawe huko. Injili ya Marko, sura ya 7, inasimulia jinsi Yesu alivyowakemea walioruhusu mtu aitaje mali yake kuwa Korbani, sadaka ya Mungu, hata wazazi wake wasipate msaada wowote. Ukiyaweka haya pamoja unauona ugumu. Ikiwa hata ibada haikubaliwi kuwa kisingizio cha kumwacha mzazi, mshahara wa mwisho wa mwezi utakubaliwaje?

Hata hivyo dini hizohizo hupambanua wajibu unaoweza kufanywa na mwingine na ule usioweza. Katika Hija ya kuaga, mwanamke wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume juu ya baba yake, mzee asiyeweza tena kutulia juu ya mnyama: je, amhijie? Akaruhusiwa. Hija ina badali pale mwenyewe aliposhindwa kweli, na wanazuoni hueleza kwamba ni kwa kuwa ibada hiyo imechanganya mwili na mali. Swala haina badali. Hakuna awezaye kumsalia jirani yake adhuhuri huku jirani yuko dukani anahesabu pesa. Malezi ya mzazi ni ya aina gani basi? Naona yana zote mbili ndani yake, na makosa mengi huanzia pale tunapoyachukua kuwa kitu kimoja. Kuogesha, kufua, kupika, kumgeuza mzee kitandani, ni mambo ya mwili na mali. Lililo kubwa ni kwamba awe msafi, ashibe, asianguke. Kumsikiliza, kumtaka radhi, kuamua pamoja naye, kuwa mtu wa kuulizwa hali yake ikiharibika, hayo ni ya mtoto mwenyewe na hayalipiwi. Injili ya Yohana, sura ya 19, inaonyesha jambo hilo katika saa ngumu kuliko zote: Yesu akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ambaye hakuzaliwa na mama huyo. Aliagiza mwenyewe, na wote wawili, mama na mwanafunzi, wakasikia walichopangiwa.

Atakayesema kwamba desturi yetu haikujua kukabidhi malezi kwa mtu mwingine aitazame desturi hiyo kwa karibu. Ni wanaume wangapi waliosifiwa kwa kumtunza mama yao ambao waliwahi kumwogesha? Kazi hiyo ilifanywa na mke wa mtoto, au na binti aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika, au na mjukuu aliyeletwa kutoka kijijini na kuachishwa shule. Ruthu wa Biblia, aliyemtunza Naomi, alikuwa mkwe, tena mgeni kutoka Moabu, na wanawake wa Bethlehemu walimhesabu kuwa bora kwa Naomi kuliko wana saba. Wanazuoni wengi wa sheria ya Kiislamu wanasema mke halazimiki kuwahudumia wakwe zake. Akiwahudumia ni hisani yake. Kwa hiyo mwanamume anayetamka kwa fahari kwamba kwake mama halelewi na mtu wa kuajiriwa, ilhali mkewe ndiye anayeamka usiku, naye amekwishaweka badali. Tofauti ni kwamba badali yake hana mshahara, hana siku ya kupumzika, na pengine hakuulizwa. Sisemi mke asimlee mama mkwe. Wapo wanaofanya hivyo kwa mapenzi makubwa, na mapenzi hayo yana thamani. Nasema kwamba kuajiri hakukuanzisha uwakilishi katika malezi. Kulichofanya ni kuutoa gizani, na mtu akishalipwa huwezi tena kujifanya humwoni.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala zima. Tunajiuliza sana kama mzazi ametendewa haki, na tunajiuliza kidogo mno kama anayemlea ametendewa haki, kana kwamba hayo ni maswali mawili yasiyojuana. Itazame kazi yenyewe. Mzee asiyejiweza huogeshwa akiwa ameketi kwenye kiti kisichoteleza, maji ya vuguvugu yakiwa yamejaribiwa kwanza kwa kiwiko. Anayemwogesha humwomba ruhusa kabla ya kumfungua kanga, humwosha juu huku chini kumefunikwa, kisha hufunika juu ndipo aoshe chini. Ngozi ya uzeeni huchubuka upesi, kwa hiyo haisuguliwi, hukaushwa kwa kubonyezwa taulo, hadi katikati ya vidole. Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo hupata vidonda vya kulalia upande mmoja. Aliyeanza kupoteza kumbukumbu huamka saa nane za usiku akitaka kwenda shambani, shamba lililouzwa zamani, na lazima mtu amrudishe kitandani kwa upole. Kazi hii ina ujuzi wake, tena ni ya nguvu.

Sasa msichana wa miaka 19 analala kwenye mkeka kando ya kitanda cha bibi, anaamka mara nne usiku, na alfajiri anatakiwa afagie uwanja, afue, apike chakula cha nyumba nzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Dada wa kazi naye ni mfanyakazi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaamuru kibarua maskini alipwe siku ileile kabla ya jua kuchwa, na Waraka wa Yakobo unasema ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Mtoto anayetafuta radhi za mama kwa jasho la binti wa mwenzie asilolilipia anaitafuta thawabu mahali ambapo dini zote mbili zimeweka onyo.

Sheria ya Hija ya badali ina sharti ambalo Waislamu wa pwani yetu, wanaofuata madhehebu ya Shafi, wanalijua: anayehiji kwa niaba ya mwingine awe amekwisha kujihijia mwenyewe. Sharti hilo linatufikisha mbali tukilitafakari. Msichana anayemlea mama yako naye ana mama, pengine Singida, pengine Kasulu, ambaye naye anazeeka. Wanawake wa Afrika Mashariki walio Omani na Saudi Arabia wakifanya kazi majumbani wanaijua hali hiyo kutoka upande wa pili, maana wengine huwatunza wazee wa nyumba za ugenini huku mama zao wakiangaliwa na msichana wa kulipwa. Mshahara usiomwezesha mlezi kumtumia mama yake chochote, na mwaka usio na likizo ya kwenda kumwona, humnyima mtu mwingine wajibu uleule ambao wewe unajitahidi kuutimiza. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya ujamaa, alieleza kwamba mzee aliyeonekana kukaa bila kazi katika jamii ya jadi alikuwa ameifanya kazi hiyo ujanani, na papo hapo alisisitiza kwamba kila mtu alikuwa mfanyakazi na hakuna aliyeishi kwa kumnyonya mwenziwe. Haki ya mzee na haki ya mfanyakazi alizisimamisha juu ya msingi mmoja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umaskini. Wengi watasema hoja hizi ni za wenye mishahara, kwamba mtu anayeuza mboga hawezi kumlipa mlezi kwa sheria. Ni kweli, na si haki kumhukumu kwa kipimo hicho. Kwake yeye malezi yatabaki ya zamu kati ya ndugu na majirani, na zamu ya haki ni ile ambayo wanaume nao wamo. Serikali nazo zimeanza kukubali kwamba mzigo huu si wa familia peke yake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa wote wenye miaka 70 na zaidi pensheni jamii, ya shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, na Kenya ikapanua mpango wake wa Inua Jamii mwaka 2018 kwa umri huohuo, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja familia na Serikali pamoja katika kuwatunza wazee. Fedha hizo hazitoshi kumlipa mlezi. Lakini kati ya muuza mboga na tajiri wapo wengi sana ambao tatizo lao ni mpangilio. Tunajua kuunda kamati. Harusi ina mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya ahadi. Msiba unakusanya mamilioni kwa siku tatu, jeneza, mabasi, maturubai, chakula cha wageni mia nne. Mama huyohuyo alipokuwa hai akihitaji mtu wa kumwogesha, hapakuwa na kamati, na aliyekaa naye alikopwa mshahara miezi miwili. Jambo hili linanisikitisha sana.

Wengine huhofia aibu na mateso: mtu wa nje auone uchi wa mzazi, au ampige mlango ukifungwa. Hofu hizo zina msingi, na zinajibiwa na yule aliyebaki na sehemu isiyo na badali. Mzazi aulizwe kwanza anamtaka nani, wa jinsia gani, amguse vipi, aswali saa ngapi, ale nini. Mlezi aambiwe hayo mbele yake. Ndugu afike bila taarifa. Mlezi naye awe na mtu wa kumpigia anaposhindwa, kwa sababu ukatili mwingi wa nyumbani huota kwenye uchovu usio na wa kuuambia. Wanaosema kwamba kuajiri mlezi ni kuiga Ulaya wakumbuke kwamba Unguja kwenyewe kuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo, na wazee wasio na jamaa wamestirika humo. Mlezi wa nyumbani humwacha mzee kwenye kitanda chake, karibu na msikiti au kanisa lake na watu wanaomjua kwa jina. Ajira iliyofanywa hivyo siioni kuwa dhambi wala utelekezaji, na mtoto aliye mbali hana sababu ya kuificha.

Kama mzazi wenu angali ana kauli, itisheni kikao mwezi huu huu, yeye akiwemo, na wanaume wa familia wakiwemo. Andikeni mchango wa kila mmoja kama mnavyoandika wa harusi, andikeni siku za mapumziko za mlezi na nani atakaa na mama siku hizo, kisha mlipeni kabla hajadai.