Sauti ya Usiku na Haki ya Jirani

Desemba inapofika ukingoni, polisi wa Dar es Salaam na wa miji mingine mikubwa hurudia ilani ambayo raia wengi sasa waijua kwa moyo, ya kwamba si ruhusa kuchoma matairi barabarani wala kurusha fataki pasipo kibali katika mkesha wa mwaka mpya. Na saa sita ya usiku ifikapo, matairi huchomwa na fataki hurushwa, nusu ya mji ikashangilia na nusu ikalaani. Ugomvi huo wa mjini umekwisha kusemwa sana, nami sitauongezea kuni. Swali langu ni la mahali ambako fataki ni chache na giza ni kubwa: kata ya Mwamanyili, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, katika ukanda wa nchi uliobanwa baina ya Ziwa Viktoria upande mmoja na mbuga za Serengeti upande wa pili. Mtu mwenye furaha yake, aliyenunua fataki kwa fedha yake halali, akaiwasha uani kwake usiku wa Krismasi au wa Idi, bila ya kumgusa mtu wala kuunguza nyasi, je, amemkosea nani?

Jawabu jepesi ni la moto, nalo si la kudharauliwa. Nyumba za makuti na nyasi bado zipo, na Simiyu ni nchi ya pamba, zao ambalo likishika cheche halisubiri ndoo ya maji. Walakini jawabu hili lina upungufu wake, kwani pamba huvunwa na kulundikwa ghalani wakati wa kiangazi, ilhali Krismasi huangukia katika mvua, pamba ikiwa ingali michipukizi shambani. Na sikukuu za Idi, kwa kuwa zafuata mwezi, huzunguka mwaka mzima, zikawa mwaka huu katika ukavu na baada ya miaka kadhaa katika tope. Hatari ya ghala ni jambo jingine. Mji wa Enschede, huko Uholanzi, uliliona tarehe 13 Mei 2000, ghala la fataki lililokuwa katikati ya makazi lilipolipuka na kuua watu 23. Kampala nako, usiku ulioanza mwaka 2023, watu waliotakiwa watoke nje ya jengo la Freedom City kutazama fataki walisongamana katika njia nyembamba, na wasiopungua 9 wakafa. Wala si fataki iliyowaua, bali hamu ya kuiona. Kwa mambo ya namna hii serikali haihitaji mwanafalsafa, yahitaji mkaguzi, na mlango mpana.

Sheria za nchi zipo, nazo zimekaa kwa tabaka. Sheria ya Baruti ni ya mwaka 1963, na fikira zake zimeelekea zaidi migodini na kwenye machimbo ya mawe kuliko kwenye kijikaratasi chenye utambi auziwacho mtoto kando ya barabara ya Mwanza na Musoma. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 30, imekwisha kuweka mpaka kwamba haki na uhuru wa mtu visitumiwe kwa namna itakayovunja haki na uhuru wa wengine au maslahi ya umma. Na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zimeipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo sharti ziidhinishwe na halmashauri ya wilaya, ambayo kwa Busega makao yake ni Nyashimo. Basi zana zipo. Kilichobaki ni kujua kosa lenyewe ni lipi, maana sheria ndogo inayotungwa kabla ya kosa kujulikana humkamata yeyote aliye karibu.

Mimi naona kosa haliko katika moto wala katika kelele, ila katika kauli. Kishindo cha mjini hupotea ndani ya vishindo vingine, asiulize mtu kimesema nini. Ama kishindo cha Mwamanyili usiku husikiwa na kila mwenye masikio, na kila mwenye masikio huwajibika nacho. Mtu aliyelala huinua kichwa, akasikiliza kinachofuata: kama ni mbwa, kama ni filimbi, kama ni debe lipigwalo shambani, au kama ni vicheko vya vijana. Katika nchi ya Wasukuma kuna ukelele wa hatari uitwao mwano, ambao ukipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu hutakiwa atoke na silaha yake aelekee ulikotokea, asiulize kwanza ng'ombe walioibwa ni wa nani. Sungusungu, walioanza mapema katika miaka ya 1980 katika nchi za Usukuma na Unyamwezi wakati wizi wa mifugo ulipokuwa umewashinda wenye vyeo, walijengwa juu ya wajibu huo huo wa kuitika. Na asiyeitika aliadhibiwa, kwa sababu mtu anayelala huku jirani akilia amejitoa katika ujirani.

Tena kuna tembo. Hutoka hifadhini usiku, wakafuata mahindi, viazi na hata pamba, na mkulima aliyekesha juu ya dungu hana ila tochi, debe, pilipili iliyochomwa pamoja na kinyesi kikavu, na sauti yake. Askari wa wanyamapori wakifika huja na vilipuzi wanavyoviita mabomu baridi, vyenye kishindo na mwako bila ya kujeruhi, na aghalabu kishindo kimoja hulirudisha kundi lililokuwa halijali madebe kumi. Jambo ambalo wakulima walilijua zamani, na waliochunguza wanyama hao wakaja kulithibitisha, ni kwamba tembo akisikia mlio ule ule mara kwa mara pasipo kufuatwa na dhara lolote, huuzoea, kisha hula huku akiusikiliza. Yaani tembo hutambua upesi kuliko sisi kauli iliyokwisha kupoteza maana.

Hapo ndipo fataki ya anasa inapoingia katika hesabu. Usikivu wa majirani ni amana iliyowekwa kwa pamoja. Kila mmoja huchangia kwa kuamka, na kila mmoja hutarajia kuamkiwa siku yake. Anayelipua usiku bila ya sababu na bila ya taarifa huchota katika amana hiyo kwa ajili ya kicheko chake. Mara ya kwanza watu watatoka. Mara ya pili watasita mlangoni. Mara ya tatu watajifunika shuka wakisema ni vijana, na usiku huo huo yamkini aliye juu ya dungu anaita kweli. Hajaiba chakula cha mtu wala hajavunja mlango, hata hivyo amepunguza kitu kilichokuwa cha wote, na ubaya wa hasara ya namna hii ni kuwa haionekani mpaka siku ya dharura.

Dini zilizoko katika kata hiyo zina maneno juu ya jambo hili, na ajabu ni kwamba zote mbili zimeligusa kwa upande wa mzaha. Katika mkusanyo wa Abu Daud kuna hadithi ya masahaba waliokuwa safarini pamoja na Mtume: mmoja wao alilala, wengine wakamchukulia kitu chake kwa utani, naye alipozinduka akashtuka, Mtume akabainisha kwamba si halali kumtisha Mwislamu. Hakuna aliyejeruhiwa katika kisa hicho, wala mali haikupotea, na wote walikuwa marafiki. Ila hofu yenyewe, hofu ya dakika moja, ilihesabiwa kuwa dhulma. Na mwenye kitabu cha Mithali, katika sura ya 26, humweka anayemdanganya jirani yake kisha akajitetea kuwa alikuwa akicheza tu, katika safu moja na mwendawazimu atupaye mienge ya moto na mishale. Sikumbuki mahali pengine ambapo maandiko yamekaribia hivi mambo ya fataki! Wahubiri wetu, ambao mwezi wa Desemba huuharibu mwingi kwa kukemea mavazi, wangepata hapa hotuba mbili nzuri.

Walakini nisiifanye furaha kuwa taksiri. Kuna wacha Mungu ambao wakisikia sauti yoyote ya sikukuu hukimbilia kutaja israfu, nao wana hoja, kwani dini imekataza kufuja mali, na fedha ya fataki hugeuka moshi mbele ya macho ya aliyeitoa. Lakini kwa kipimo hicho hicho ngoma ya arusi nayo ni hewa iliyotikiswa, na binadamu asiye na siku ya kupiga kelele huitafuta kwa njia mbaya zaidi. Jiji la Beijing lilipiga marufuku fataki mwaka 1993, katika nchi iliyoipa dunia baruti, na mwaka 2005 likalegeza, kwa kuwa watu waliona mwaka mpya umeingia bila ya kubisha hodi. Unguja kwenyewe, katika mkesha wa sherehe za Mapinduzi mwezi wa Januari, fashifashi hurushwa na halaiki ya watu, watoto kwa wazee, husimama kuzitazama. Wala haijapata kusemwa kwamba serikali imewadanganya watu, kwa kuwa siku imetangazwa, mahali pamejulikana, na mgonjwa aliye karibu amekwisha kuambiwa.

Tafauti ni hiyo. Mlipuko uliotangazwa si kauli ya uongo, maana hauombi msaada wa mtu. Kwa hiyo naipendelea sheria ndogo isiyopiga marufuku bali inayodai taarifa: mkutano wa kijiji ukubali mahali pamoja na saa moja, mtendaji na kamanda wa sungusungu wajue, misikiti na makanisa yatangaze, wenye mifugo wafunge mazizi mapema, na askari wa wanyamapori waulizwe kama kundi la tembo li karibu. Mwenye duka asimuuzie mtoto, na asiweke shehena ndani ya nyumba wanamolala watu. Nje ya saa hiyo, kishindo cha usiku kibaki cha hatari peke yake, yaani cha yule ambaye hawezi kutoa taarifa kwa kuwa tembo nao hawakumpa.

Najua patatokea wa kuuliza juu ya watoto na spoku zao. Mtoto huchukua spoku ya baiskeli iliyokwisha kazi, akaipinda, akaibakisha ile nati ndogo kichwani mwake, akakwangulia humo unga wa vichwa viwili vitatu vya njiti za kiberiti, akachomeka msumari ulioshikwa kwa ukanda wa mpira, kisha akaubamiza juu ya jiwe. Na mlio wake hushinda kwa mbali ukubwa wake. Huo hauuzwi wala hauna leseni, na mtungasheria atakayeufuata itambidi akamate baiskeli zote za Usukuma. Afadhali aachiwe mama mwenye nyumba, kwa sharti kwamba jua liwe halijachwa: mchana mtoto huonekana, na mlio unaoonekana mwenyewe haumwiti mtu.

Kuhusu adhabu, sipendi faini ya fedha. Mwenye nazo hulipa akacheka, na asiye nazo huuza kuku wa mkewe. Na zaidi ya hayo, kilichochukuliwa hakikuwa fedha. Aliyewaamsha watu bure na akeshe zamu, usiku mmoja au miwili, pamoja na walinzi wa mashamba katika msimu wa mahindi, baada ya kusikilizwa mbele ya baraza la kijiji ili sungusungu wasije wakawa washitaki na mahakimu kwa pamoja. Na zamu hiyo iandikwe katika daftari la kijiji na kutiwa sahihi na mtendaji, asije akatozwa mara ya pili kwa kosa lile lile.