Fuvu linalometameta, je, ni mzaha tu?

Siku hizi mtu anaweza kuwa na kiwanda cha stika juu ya meza ya chumbani kwake. Anahitaji kompyuta, printa ya kawaida na mashine ndogo ya kukatia, kama zile za Cricut au Silhouette. Karatasi yenyewe ni plastiki yenye gundi, ambayo uso wake una mifereji midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mifereji hiyo huuvunja mwanga ukatoa rangi za upinde wa mvua kila unapoigeuza. Picha huchapwa, hufunikwa kwa utando angavu, kisha mashine husoma alama zilizochapwa pembeni na kukata tabaka la juu tu, ya chini ikabaki nzima.

Huko Marekani, inapokaribia tarehe 31 Oktoba, siku yao ya Halloween, zinazopendwa ni picha za kutisha: mafuvu, mizimu, mkono unaochomoza kaburini. Hapa mjini nazo zipo, kwenye pikipiki na kwenye madaftari ya watoto wetu.

Dada mmoja niliyepata kumfundisha, ambaye sasa anajipatia riziki kwa kazi hiyo, aliniuliza: "Ustadhi, kuna ubaya gani? Si watu wanacheka tu?"

Wapo ambao wangemjibu kwa neno moja, haramu, wakaendelea na kahawa yao. Mimi naona swali lake lina haki ya kujibiwa. Imepokewa na Bukhari kwamba mtu aliyekuwa akiishi kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (r.a.), naye akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Hakumfukuza, alimwonyesha njia ya kula. Lakini fuvu halina roho, atasema mtu. Ndiyo maana mlango huo peke yake hautumalizii swali.

Upo mlango wa kutishana. Katika Abu Daud kuna habari ya masahaba waliokuwa safarini. Mmoja alilala, mwenzake akamchukulia kamba, akazinduka kwa fazaa. Mtume (s.a.w.) akakataza Muislamu kumtisha Muislamu. Basi anayebandika mzuka mlangoni usiku ili mkewe apige ukelele, jibu lake analo. Stika za dada yetu, hata hivyo, hazimtishi mtu. Na kwangu tatizo liko hapo hapo.

Kutisha si aibu. Qur'an yenyewe, katika Surat As-Saffat, inayafananisha matunda ya mti wa Zaqqum na vichwa vya mashetani. Mtume (s.a.w.) aliruhusu kuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha Akhera. Fuvu lina kazi hiyo hiyo. Sasa tazama linavyochapwa: printa ya nyumbani haina wino mweupe. Palipo peupe kwenye picha hapachapwi kitu, mng'aro wa karatasi ukabaki. Weusi wa matundu ya macho ni wino. Kinachometameta ni mfupa. Kile ambacho kingetukumbusha tutakavyokuwa ndicho kilichofanywa pambo, na mtoto anakibandika kama ganda la pipi.

Dada huyo hakukubali upesi. Alisema kicheko kinamwondolea mtoto hofu ya giza. Hapo ana hoja. Mwaka 1995, Popobawa alipovuma Unguja na Pemba, watu wazima walilala nje kwa makundi. Kicheko kidogo kingekuwa dawa. Na Surat Aal Imran inatufundisha kwamba ni shetani anayetutia hofu ya wafuasi wake, nasi tumeamrishwa tusiwahofu.

Kwa hiyo, kwa rai yangu, hofu hizi mbili zisichanganywe. Mzimu unaosemwa unatembea usiku, mfanye kichekesho, maana hofu yake haina faida kwako. Mauti ni jambo jingine. Yanakuja kwa anayecheka na asiyecheka, na moyo usioshtuka tena kwa kuona mfupa wa binadamu umepoteza kitu ambacho hautakipata dukani.

Nilimwambia hivyo, nikaongeza kwamba mimi ni mwalimu, si mufti. Akanijibu kuwa mizimu hainunuliwi sana. Mafuvu ndiyo yanayotoka, na bado ana bunda zima la karatasi alilolilipia. Nikamwambia karatasi hiyo haijachapwa kitu. Inapokea nyota na majani ya mnazi kama inavyopokea fuvu. Akasema atajaribu ishirini kwanza, aone kama zitauzika.