Kadi Ipo Kabatini

Shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Hicho ndicho kilichokuwa kiwango cha Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ulioanza 2018, na pale Soweto, Moshi, hakikufikia hata gharama ya mbege ya sherehe moja ya kipaimara. Dereva mmoja wa bodaboda akalipa. Kisa chake nimekiunga kutoka familia zaidi ya moja, kwa hiyo asitafutwe mtaani.

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Kadi ikaingia kabati la vyombo, na tangu siku hiyo kila hoja ya uzazi ikajibiwa kwa maneno mawili: tuna bima. Mke alikuwa na akiba kidogo kwenye kikoba kwa ajili ya kujifungua. Mume akamwambia hela hiyo anunulie belo la nguo za watoto, auze pale soko la Memorial, kwani uzazi umeshalipiwa. Si ushauri wa mjinga. Mtu akishalipa bima ana haki ya kushusha pumzi. Huyu alishusha mapema mno.

Kliniki alikwenda mara mbili tu. Soko halina likizo, na foleni ya asubuhi humla mtu siku nzima. Tena kadi si ipo? Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Kwa sera ya serikali, mjamzito hupimwa na kuzalishwa bila malipo katika vituo vya umma, awe na bima au asiwe nayo. Kliniki ilikuwa haki yake tangu mwanzo. Kadi haikuongeza wala kupunguza kitu. Na presha haipimwi kwenye kadi, hupimwa kwenye mkono wa mwenyewe.

Mwezi wa nane wa mimba viatu vikakataa kuingia, akawa anakwenda sokoni na kandambili za mumewe. Mama mkwe akacheka: "Miguu hiyo, mama, ni dume hilo." Kichwa kikauma, akameza Panadol. Usiku mmoja macho yakaingia ukungu, kisha mwili ukaanza kukakamaa na kutikisika. Kifafa cha mimba.

Aliyepoteza fahamu hapakiwi kwenye pikipiki. Taksi ikatafutwa, nauli ikakopwa kwa majirani, saa ikakatika. Kadi yao ilikuwa na ngazi zake: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa, yaani Mawenzi. Haikuvuka hapo. Lakini mume, kwa kuchanganyikiwa, akaamuru gari liende hospitali kubwa isiyo ya serikali, alikosikia kuna madaktari bingwa. Walimpokea bila kuuliza lolote, wakamchoma sindano za kuzuia degedege, wakampasua. Mama alipona. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni.

Siku ya kuruhusiwa, mume alitoa kadi dirishani. Mhasibu akaigeuza, akaisoma, akairudisha. "Kaka, hii haifiki huku." Pikipiki ikauzwa.

Mtaani ikasemwa bima ni utapeli, na kuna waliogoma kulipa mwaka uliofuata. Walikosea. Kitaifa, uzazi katika vituo vya afya ulipanda kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16 hadi 81 mwaka 2022, huku wanawake walio wengi wakiwa hawana bima yoyote. Kilichowabeba akina mama hadi wodini hakikuwa kadi peke yake. Na kosa la usiku ule halikuwa la kadi: kama presha ingegunduliwa kliniki mapema na rufaa ikaandikwa, angepata kitanda Mawenzi, dawa, na upasuaji kwa wakati wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Kadi zitazidi kuwa nyingi makabatini.

Mke ndiye aliyekataa maneno ya mtaani. Alipofika tena mwandikishaji, alitoka nje na pesa mkononi, lakini hakuiachia mpaka ajibiwe: inafika hospitali ipi, rufaa anaandika nani, na usiku wa manane gari analipa nani?