Miisho Mitatu ya Meli Moja

Mtu akiisha kuona sinema, mara nyingi hudhani kwamba hana haja tena ya kukisoma kitabu kilichotoa hadithi ile. Ameujua mwisho, basi aona ameyajua yote. Je, ndivyo? Tutazame mfano unaolihusu ziwa letu la Tanganyika.

Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa riwaya iitwayo The African Queen, na mwaka 1951 John Huston akaifanya sinema. Ni hadithi ya Rose, ambaye kaka yake, mmisionari, alikufa baada ya askari wa Kijerumani kuwachukua watu wa kijiji. Rose na fundi mmoja wateremka mto kwa mashua kuukuu, wakitaka kuizamisha meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Katika sinema, mashua hiyo ndiyo inayoizamisha meli. Katika kitabu, mashua yazama katika dhoruba kabla ya kufika, na meli yaangamizwa na boti za Waingereza. Kitabu chakiri jambo ambalo sinema yaliepuka: bidii ya mtu yaweza kushindwa.

Lakini upo mwisho wa tatu. Meli ya kweli, Graf von Götzen, ililetwa kutoka Ujerumani vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma, na kushushwa majini mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, wakiisha kuipaka mitambo yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri kwa jina la Liemba. Mwezi wa Mei 2015 ilivusha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Je, wasimulizi wale wamesema uongo? La. Hadithi si ushahidi wa mahakamani, na mtunzi ana ruhusa ya kubuni. Lakini kila mwisho umechaguliwa, naye auchaguaye atufundisha tutamani nini. Sinema yatufanya tushangilie kisasi kilichofaulu. Na wale wanakijiji waliochukuliwa mwanzoni, hakuna awatafutaye tena. Mwisho wa kweli watuonyesha chombo cha vita kikiwaokoa wanyonge. Atakayeujua mwisho mmoja tu atakosa mengi, tena atawasahau watu wengi.

Basi, wazazi, mtoto akiisha kuona sinema, mtafutieni na kitabu chake, mkisome pamoja. Mwulizeni: Ni nini kilichobadilishwa? Kwa faida gani? Ni nani aliyeachwa nje? Na ninyi mkaao Kigoma na Ujiji, mpelekeni pia kwa mzee aliyesafiri kwa Liemba, amsikilize. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hatadanganywa upesi na picha, wala hatampita jirani yake asiyesimuliwa na mtu.